Miami Vice kwa hesabu ya maharage: risasi ninazozirudia

Maharage ya Mama Zubeda yana kazi mbili katika nyumba yetu hapa Arua. Ya kwanza mnaijua. Ya pili ni yangu. Ninapotazama filamu ya risasi huweka kikombe cha maharage makavu upande wa kushoto na sahani tupu upande wa kulia, na kila mlio nahamisha punje moja. Bastola ikilia mara kumi na nne bila mtu kubadilisha magazini, nasimamisha picha na kuwageukia wajukuu: "Huyu risasi nyingine kaazima kwa nani?" Wamezoea. Mkubwa wao siku hizi huniwahi kuuliza.

Nilikuwa mtunza ghala la silaha. Niliingia polisi mwaka 1988, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliipitisha nyuma ya dirisha lenye nondo, nikitoa bunduki asubuhi na kuzipokea jioni. Risasi iliyotoka ilirudi, au lilirudi ganda lake, au yalirudi maelezo ya maandishi yenye saini. "Nilipiga hewani" ni maneno mawili tu, lakini kwangu yalijaza ukurasa mzima kabla sijakuruhusu kwenda kula. Kwa hiyo msinitegemee kutazama watu wanaorushiana risasi kama wanavyotazama wengine. Na niseme mapema kwamba sikio langu la kushoto nililiacha renji, uwanja wa kulengea shabaha, enzi ambazo kuziba masikio kulihesabiwa kuwa uoga.

Ninayoikagua ni Miami Vice, tamthilia ya wapelelezi wa Miami iliyoanza kuoneshwa Marekani na NBC mwezi Septemba 1984, ikaenda misimu mitano. Don Johnson ni Crockett, Philip Michael Thomas ni Tubbs. Nimeipata kwa njia mbili mwaka huu. Kwanza flashi niliyojaziwa katika duka moja la filamu mjini, yenye sauti ya VJ juu yake, yaani mtu anayetafsiri na kusimulia filamu huku ikiendelea. Kisha DVD halisi za misimu miwili ya kwanza, ambazo mtoto wa dada yangu alimpa mtu aliyekuwa akirudi kutoka London. Nimetazama zote mbili na nitasema ipi ya kununua, ila nisubirini kidogo, maana bei ni jambo dogo na risasi ni jambo kubwa.

Mara ya kwanza niliiona kwenye kwota za polisi za Nsambya, Kampala, mwaka 1989, mesini, kwenye deki ya VHS ya afande mmoja aliyetoka kozi nje. Tulikuwa watu wa kila kabila la Uganda, na lugha iliyotukutanisha ilikuwa Kiswahili cha kambini. Koplo mmoja wa Kiteso ndiye aliyejitolea kutafsiri. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakukubali kushindwa. Crockett akikunja uso, koplo anasema, "Anawaambia, nyinyi wezi, leo mtajua kwa nini mama zenu waliwakataza kutembea usiku." Miaka thelathini na zaidi baadaye nimesoma maandishi ya chini kwenye DVD, na Crockett hakusema lolote la namna hiyo popote. Nimemkosa koplo wetu.

Sasa, ninayoipenda kuliko zote, na inachukua muda mfupi kuliko mtu kupiga chafya.

Ni katika msimu wa kwanza, kipindi cha "Calderone's Return", sehemu yake ya kwanza. Kuna muuaji wa kukodiwa anaitwa Ludovici Armitage. Hana misuli wala sura ya kutisha. Ukimwona utadhani karani wa benki anayesubiri basi. Anamwendea yule anayepaswa kufa, na mlinzi wa mtu yule anamwelekezea bastola. Ananyanyua mikono kama raia mwema. Kisha mkono mmoja unaisukuma kando ile bastola, mwingine unaingia chini ya koti na kutoka na bastola ya .45, na mlinzi amekwisha kupata mbili kifuani na moja kichwani kabla hujajua kwamba kuna kilichoanza. Punje tatu. Nilizihamisha kwa kuchelewa, kidole changu bado kilikuwa kikombeni.

Niliirudia mara kumi na moja usiku huo, mpaka betri ya sola ikaanza kulia. Nilichokuwa nikitafuta ni kosa. Miaka yangu yote renji nimewaona vijana wakichomoa silaha, na kila mmoja ana kosa lake: huyu anatazama kiunoni kutafuta bastola iko wapi, yule anakaza bega, mwingine kidole kinafika kwenye kifyatulio kabla ya wakati, na siku moja atajipiga paja. Bwana yule hana hata moja. Hatazami kiunoni. Hapigi kelele. Akishamaliza hapulizi mdomo wa mtutu kama wanavyofanya wale wa kwenye mabango. Nikajiambia, huyu si mwigizaji. Na kweli, jina lake ni Jim Zubiena, na kazi yake ilikuwa silaha: mlenga shabaha wa mashindano na mkufunzi. Wenye tamthilia walikuwa na akili ya kumwachia afanye anachokijua, na kamera ikakaa pale pale ikitazama. Leo wangeikata vipande ishirini na kutuonesha jicho, mkono, ganda likiruka, jicho tena.

Hizo mbili kifuani na moja kichwani zina jina katika mafunzo ya silaha. Huitwa zoezi la Msumbiji. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilidhani ni utani, kama tunavyomwita mtu mfupi "Mlima". Si utani. Hadithi yake ni kwamba mamluki mmoja, Mike Rousseau, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, alikuwa kwenye uwanja wa ndege wa Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo. Akapinda kona na kukutana uso kwa uso na mpiganaji wa FRELIMO mwenye AK-47, hatua chache tu kati yao. Akampiga mbili kifuani. Mtu hakuanguka, bado anakuja. Akampiga ya tatu juu zaidi, ndipo akaanguka. Baadaye alimsimulia Jeff Cooper, mkufunzi wa bastola wa Kimarekani, naye Cooper akaifanya somo katika shule yake ya silaha ya Gunsite, Arizona. Kutoka hapo ikaenda duniani, ikafika Miami, ikafika kwenye sahani yangu ya maharage.

Ninayo maneno kidogo juu ya hadithi hiyo. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wazee wengi wa rika langu tulikua tukisikia habari zake redioni kama habari za ndugu. Katika simulizi hii mamluki ana jina na mwalimu ana jina na shule. Aliyepigwa risasi mbili akaendelea kutembea hana jina. Nilimweleza mpwa wangu kwa simu, akacheka, "Mjomba, wewe unatazama filamu au unaendesha uchunguzi?" Vyote viwili.

Katika kipindi hicho hicho anauawa Luteni Rodriguez, mkuu wao, na vipindi vichache baadaye anakuja Castillo kuchukua nafasi yake, aliyeigizwa na Edward James Olmos. Castillo hasemi. Anatazama sakafu, anatazama ukuta, halafu anasema maneno manne na chumba kizima kinanyooka. Nilikuwa na OC, mkuu wa kituo, wa namna hiyo mahali fulani. Tulimwogopa kuliko wote waliokuwa wakipayuka, na yeye ndiye pekee ambaye sikuwahi kumsikia akimtukana askari.

Nirudi nyuma kwenye kipindi cha kwanza kabisa, maana hapo ndipo flashi yangu iliponitia hasira. Usiku, Crockett na Tubbs wako ndani ya Ferrari nyeusi iliyo wazi, wanakwenda kukutana na Calderone, mkubwa wa dawa za kulevya wanayemwinda. Taa za barabarani zinapita juu ya boneti. Tubbs anaitayarisha bunduki yake iliyokatwa mtutu. Unasikika wimbo wa Phil Collins, "In the Air Tonight". Crockett anasimamisha gari kwenye kibanda cha simu, anampigia mke waliyeachana, anamuuliza kama yale waliyokuwa nayo yalikuwa ya kweli. Anarudi garini. Wanaendelea. Haisikiki risasi hata moja. Kikombe kimejaa, sahani tupu, nami moyo unanienda mbio.

Kwa sababu ndivyo ilivyo. Walioandika tukio lile, ama waliwahi kukaa nyuma ya pikapu usiku, ama walimsikiliza vizuri aliyewahi kukaa. Watu wanaokwenda kwenye risasi hawapigi kelele. Mmoja anaomba kiberiti na hana sigara. Mwingine anakumbuka deni la dukani, anakwambia, "Kama likitokea la kutokea, nina elfu mbili kwa yule Mwarabu." Konstebo mmoja mdogo aliniuliza mara tatu usiku mmoja kama bunduki yake imefungwa, nami nikamshika mkono kila mara na kumwonesha kitasa kiko wapi. Hatukupiga hata risasi moja usiku ule. Nyumba tuliyoiendea ilikuwa tupu. Lakini nikiulizwa leo tukio langu kubwa la silaha, ni safari ile ndani ya pikapu.

Sasa sikilizeni flashi ilivyofanya. VJ anaongea. Nawaheshimu ma-VJ, na sitaki mtu aje hapa kunigombeza. Bila wao, nusu ya Uganda ingekuwa inatazama midomo ikicheza tu, na koplo wetu wa Nsambya alikuwa mmoja wao kabla kazi hiyo haijapata jina. Mama Zubeda mwenyewe hawezi kutazama filamu isiyo na VJ, anasema ni kama kula chakula bila mtu wa kupiga naye soga. Lakini mpiga soga mzuri anajua wakati wa kunyamaza. Gari linakwenda, muziki ndio unakaribia pale ngoma zinapoingia kwa kishindo, pale ambapo kila mtu mesini mwaka 1989 alipiga meza, na huyu bwana anapiga ukelele, "Bannange, omusajja agenda kutta!" yaani, kwa Kiganda, jamani, mwanamume anakwenda kuua! Kisha ngoma zinaingia, na yeye wakati huohuo anatangaza bei ya kujaziwa filamu kwenye simu na mahali duka lilipo.

Flashi ilinigharimu shilingi 12,000 na niliambiwa ina misimu yote mitano. Vipindi kumi na vitatu havikuwamo. Kimoja kilikuwamo mara mbili kwa majina tofauti. Faili moja, nilipoifungua, ilikuwa mieleka. Nilipoirudisha, kijana alinitazama kwa huruma, "Mzee, hiyo ni ya zamani sana. Shukuru hata imefunguka." Sikuwa na la kujibu, isipokuwa kwamba kwenye ghala langu ungetoa bunduki kumi na kurudisha tisa na mieleka moja, tungelala wote kituoni.

Tuzungumze bastola ya Crockett, kwa sababu watu wananiuliza. Ile yenye sehemu ya juu inayong'aa, ya misimu miwili ya kwanza, ni Bren Ten. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya California, Dornaus & Dixon, na yule yule Jeff Cooper wa zoezi la Msumbiji alikuwa na mkono katika kuibuni. Ilitengenezwa kwa risasi mpya ya milimita 10, lakini hizo mnazoziona kwenye picha zilitengenezwa kwa .45, kwa kuwa risasi za bandia za milimita 10 hazikupatikana, na zilipakwa kromiamu ngumu ili zionekane kwenye picha za usiku. Hapo hakuna ubaya. Kinachonichekesha mpaka leo ni yaliyowapata wanunuzi. Marekani nzima iliitaka bastola ya Crockett, watu wakalipa, na wengi wakapokea bastola isiyo na magazini. Mtengenezaji wa magazini alichelewa, na kampuni ikaanza kusafirisha bastola hivyo hivyo. Mwaka 1986 ikafilisika, ikiwa imetengeneza kama bastola 1,500 tu.

Fikirieni. Bastola maarufu kuliko zote kwenye televisheni, na aliyeinunua anaweza kupiga risasi moja, ile ya kwenye chemba, kisha akusanye maharage yake aende nyumbani. Nilipomsimulia rafiki yangu tuliyestaafu pamoja, alicheka mpaka akaangusha kikombe cha chai, kisha akanikumbusha zile Mark 4 tulizozikuta kambini, bunduki za Waingereza za risasi kumi, za kukoki kwa mkono kila unapopiga. Nzito kama mchi. Lakini kila moja ilikuwa na magazini yake.

Kipindi kinachoitwa "Evan" ni kitu kingine. Bado ni msimu wa kwanza. Kinaanza na mfanyabiashara wa silaha, Guzman, akiijaribu MAC-10, bunduki fupi ya kumimina risasi, kwenye masanamu, yale ya madukani ya kuvalishia nguo. Yamesimamishwa kama wageni kwenye sherehe. Kunapigwa wimbo wa Peter Gabriel, "Rhythm of the Heat", ngoma tupu, na masanamu yanavunjika vichwa na vifua, vipande vinaruka. Hafi mtu hata mmoja. Mjukuu wangu wa kike, ambaye hutazama watu wakichinjwa kwenye filamu za Kikorea huku akila rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, alijifunika uso kwa leso.

Maharage hapa hayafai kitu. MAC-10 inatema zaidi ya risasi 1,000 kwa dakika. Magazini ya risasi 30 haifiki sekunde mbili. SMG zetu, ambazo nchi nyingine huziita AK, mwendo wake ni kama 600 kwa dakika, kwa hiyo risasi 30 ni sekunde tatu, na hata hizo tatu askari mgeni hawezi kuziongoza: ya kwanza inakwenda kwa adui, ya kumi inakwenda kwa mbuga. Nikakimwaga kikombe chote kwenye sahani na kuketi kutazama. Na msidhani waliibuni. Tarehe 11 Julai 1979, katika duka la pombe la Dadeland Mall, huko huko Miami, watu wa biashara ya kokeini waliuana mchana kweupe kwa silaha ya aina hiyo, wanunuzi wakikimbilia chini ya magari. Tamthilia ilikuja miaka mitano baadaye, kwa hiyo haikuwa na haja ya kutia chumvi.

Huyo Evan ni mpelelezi aliyekuwa rafiki wa Crockett. Kati yao kuna askari wa tatu, marehemu, ambaye wenzake walimdharau walipojua siri ya maisha yake, na Evan ndiye aliyemdharau zaidi. Hayo ndiyo yanayomla. Anajitupa kwenye hatari kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea, na mwishoni, baada ya risasi zote, unasikia tena Peter Gabriel, safari hii na "Biko". Steve Biko alikufa mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini mwezi Septemba 1977. Mimi nilivaa sare ya polisi maisha yangu yote ya utu uzima. Nilizima televisheni nikatoka nje, nikakaa kwenye gogo letu chini ya mwembe. Mama Zubeda hakuniuliza.

Kuna siku Miami ya kweli iliipita ile ya televisheni. Tarehe 11 Aprili 1986, tamthilia ikiwa katika msimu wake wa pili, maofisa wanane wa FBI waliwabana majambazi wawili wa benki kwenye mtaa wa makazi. Haikufika dakika tano. Zilipigwa risasi zaidi ya 140. Maofisa wawili walikufa, watano walijeruhiwa, na majambazi wote wawili walikufa, lakini mmoja wao aliendelea kupigana kwa muda baada ya kupata jeraha ambalo baadaye lilionekana halina tiba. Kama yule mpiganaji wa Maputo, tena. Baada ya hapo FBI walikaa chini kutafuta risasi yenye nguvu zaidi, wakaifikia ile ya milimita 10. Risasi ya Bren Ten! Risasi ilipata kazi serikalini, na bastola yake ilikuwa imekwisha kufa mwaka ule ule wa mapambano.

Nimewataja kwa sababu wajukuu huniuliza kwa nini nasifia tukio la punje tatu na kulidharau la punje tisini. Maofisa wanane, mafunzo yote ya Marekani, umbali wa kutupa jiwe, na zaidi ya risasi 140 kwa watu wawili. Hivyo ndivyo mkono wa binadamu unavyokuwa ukitetemeka. Kwa hiyo nikiona mtu mmoja anawaangusha tisa akiwa anabingirika, nahamisha punje zangu kimya kimya na kufikiria mambo ya shamba.

Misimu ya baadaye nitaipita haraka. Mwanzo wa msimu wa tatu ile Ferrari nyeusi inalipuliwa kwa kombora la Stinger, na watoto walishangilia. Mimi sikusikitika, maana ilikuwa Ferrari ya kuigiza iliyojengwa juu ya Corvette, na Ferrari wenyewe hawakupendezwa nayo. Baadaye wakapewa Testarossa halisi, nyeupe. Msimu wa nne unaishia Crockett amepoteza kumbukumbu na kujiona jambazi. Koplo wetu angekataa kuitafsiri.

Ununue ipi, basi? DVD, bila kusita, angalau msimu wa kwanza na wa pili. Muziki upo wote mahali pake, picha za usiku zinaonekana ni usiku, si moshi, na kuna maandishi ya Kiingereza chini, ambayo kwa mwenye sikio moja ni rehema. Ubaya wake ni kupata cha kuchezea. Kompyuta za wajukuu hazina tundu la diski, na ilinibidi niazime deki kwa jirani fundi cherehani, ambaye naye aliitumia kama meza ya pasi. Flashi ni kwa mwenye haraka na asiyehesabu. Ningeipa DVD nyota nne kati ya tano. Ya tano nimemwekea yeyote atakayenitafutia sauti ya koplo wetu nikaiweka juu yake.

Nimebakiza moja, na hii sijaimaliza mwenyewe. Kipindi cha "No Exit", mwaka 1984. Bruce Willis, kabla dunia haijamjua, ni Tony Amato, muuza silaha anayempiga mke wake. Wapelelezi wanahangaika, wanamkamata, na wakubwa kutoka juu wanakuja kusema mwachieni, ana faida kwetu. Anatoka nje akitabasamu. Mke anafungua pochi. Ana bastola. Crockett anaiona, anapiga kelele, na picha inaganda hapo hapo. Imekwisha.

Nilikuwa nimekwisha kuichukua punje kikombeni. Mkono uko katikati, hauko kushoto wala kulia. Nikamuuliza mjukuu mkubwa, "Imelia?" Akasema imelia. Wa kike akasema haikulia, ni muziki. Sikio langu halikunisaidia. Nikarudisha nyuma, tukatazama tena, wakabishana tena. Maelezo yatasemaje? Katika ghala langu ningemkalisha yule mama kwenye benchi, nimpe karatasi na kalamu, nimletee na maji.

Mama Zubeda alipita kwenda jikoni, akaniona nimeshika punje hewani kama mtu anayetaka kumlisha ndege. Akainyakua, akakusanya na za kwenye kikombe. "Hizi," akasema, "nimeziloweka kesho."

"Kesho utaziloweka," nikamrekebisha.

"Wewe hesabu risasi."